Mashahidi waishio chini ya mawe

Kila mwanafunzi wa madrasa hufundishwa kuyatazama maji ya udhu kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Hata hivyo, mto waweza kuwa maangavu machoni, ilhali afya yake imekwisha kuharibika. Hapo wataalamu huwaendea mashahidi wengine: wadudu waishio chini ya mawe.

Chupa ya maji ipelekwayo maabara hueleza hali ya saa ile tu. Uchafu uliomwagwa usiku huenda asubuhi umekwisha kupita. Mdudu hukaa papo hapo wiki hata miezi, na linaloupata mto humpata naye.

Yupo mdudu mdogo mwenye mikia miwili, apendaye maji yaendayo kasi, yenye oksijeni nyingi. Majitaka yakiingia, bakteria wanaoyaozesha huimaliza oksijeni hiyo, naye hutoweka. Kinyume chake, minyoo na mabuu fulani mekundu, yenye hemoglobini kama damu yetu, hustahimili.

Kwa elimu hiyo, Afrika Kusini ilibuniwa njia iitwayo miniSASS, ambayo hata watoto wa shule huitumia. Viumbe wa mtoni hugawanywa katika makundi 13, kila kundi na alama zake: yule wa mikia miwili 17, kaa 6, minyoo 2. Alama za makundi yaliyoonekana hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya makundi hayo. Wastani ukiwa mkubwa, mto ni mzima. Tanzania nayo ina kipimo cha wataalamu kiitwacho TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015.

Mzazi, waweza kumfunza mwanao: inua jiwe, litazame chini yake, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Bali usimwingize majini penye kichocho, kwani konokono wa maji baridi ndio wanaokibeba. Wala wadudu hawa si hakikisho la maji ya kunywa; hata mto mzima waweza kuwa na vijidudu vya maradhi, hivyo maji yachemshwe.

Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Basi mashahidi hawa wanapotoweka, tusisubiri watoto waugue: tupande juu ya mto tukaulize ni nani anayemwaga nini.