Ndege ya Mafia Juu ya Meza ya Kaptembwo

Likizo ya Disemba ni ndefu, na vyumba vya kupanga vya Kaptembwo, hapa Nakuru, havina nafasi ya watoto kukimbia. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu huwapeleka wao ufukweni. Sisi wa bara tumejipatia shughuli ya mezani: kuunda kielelezo cha ndege ya vita ambayo historia yake ni ya pwani tupu. Ndege hiyo ni Caudron G.3, iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia mwaka 1915.

Kisa chake chafaa kusimuliwa kabla ya wembe kushikwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia meli ya Kiingereza iitwayo Pegasus katika bandari ya Unguja na kuizamisha. Baadaye ikaingia katika delta ya Rufiji, ikajisitiri nyuma ya mikoko hata aliyekuwa baharini asiweze kuiona. Waingereza wakaleta ndege za kutua majini. Joto na unyevu wa pwani yetu vikazishinda: gundi iliachia, mbao zikaharibika, na nyingine hazikuweza hata kunyanyuka na mzigo wake. Kisiwa cha Mafia walikwisha kukiteka mwezi Januari 1915, na ilipofika Juni wakaleta huko ndege za kutua nchi kavu, Caudron mbili na Henri Farman mbili.

Kazi kubwa ya ndege hizo ilikuwa kuona. Manowari mbili za mtoni, Severn na Mersey, zilirusha makombora juu ya misitu ya mikoko bila kukiona zinachokipiga, na aliyekuwa angani akizielekeza kwa simu ya upepo: ongeza, punguza, sogea kushoto. Jaribio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11 Julai Farman ya rubani Cull ilipigwa, na wakati ikishuka, mwenzake Arnold aliendelea kutuma maelekezo mpaka ikaangukia mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Siku hiyohiyo ndiyo Königsberg ilipokwisha.

Tumechagua Caudron kwa sababu umbo lake ni jepesi kwa mikono ya watoto. Ina mabawa mawili, la juu refu kuliko la chini, na kati yake kijisanduku kifupi cha watu wawili chenye rafadha mbele. Mkia hauna kiwiliwili. Umeshikwa na fito zilizo wazi, na fito za chini ndizo zilizoburura ardhini wakati wa kutua.

Kipimo chetu ni moja kwa arobaini. Watoto wa madrasa hawapati taabu nacho, maana hesabu ya zaka ya fedha wameshaifahamu: chukua kitu, kigawe mafungu arobaini, shika fungu moja. Mabawa ya ndege yenyewe yalikuwa na upana wa mita 13.4, kwa hiyo yetu ni sentimita 33 na nusu. Urefu wa mita 6.4 unakuwa sentimita 16.

Kiunzi ni vijiti vya mishikaki vilivyopasuliwa kwa wembe, na kupasua huko ni kazi ya mtu mzima. Michoro ya mabawa huchorwa kwanza kwenye daftari, vijiti vikalazwa juu yake na kuunganishwa kwa gundi ya mbao. Acheni usiku kucha. Uzi wa cherehani hukaza bawa la juu na la chini kwa mshazari, nao usipokazwa sawasawa pande zote mbili, ndege hupinda shingo kama kuku. Kwa ngozi ya mabawa, karatasi nyembamba inayofungiwa viatu vipya ndani ya boksi yatosha. Ibandikeni pembezoni tu, kisha nyunyizieni maji kidogo kwa ncha za vidole. Ikikauka hujivuta na kutanda. Ndege ya kweli ilivikwa kitambaa kilichokazwa kwa vanishi.

Baadhi ya akina mama wa mtaani wameuliza, na wana haki kuuliza, mbona ndege ya vita miongoni mwa vyote vilivyoko duniani? Naona jibu limo ndani ya kipimo chenyewe. Njiti ya kiberiti ina urefu wa sentimita nne na ushei. Kwa moja kwa arobaini ndiyo mtu mzima. Basi kila ndege inapokamilika, watoto hupanga njiti kando yake. Mbili ni za walioruka. Zinazobaki, safu ndefu, ni za wachukuzi wa vita vile, watu kwa mamia ya maelfu waliobeba mizigo kwa vichwa na migongo Afrika Mashariki nzima, wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, la Dar es Salaam na la Nairobi, limetokana na kikosi chao. Cull na Arnold wana majina vitabuni; mchukuzi amesimama kwenye sanamu ya Askari jijini Nairobi bila jina lake. Na njiti haina uso, jambo lililomridhisha bibi mmoja aliyechelea vinyago ndani ya nyumba.

Mnaotaka kuipeleka ndege kwa jamaa walioko pwani, ipakeni vanishi nyembamba kabla ya safari. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Ikifika Kisauni bila vanishi, karatasi italegea.

Königsberg nayo ilikuwa na mita 115. Kwa kipimo chetu ni karibu mita tatu, kwa hiyo huchorwa kwa chaki uani, ndege ikawekwa kando. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mtakapofika, mpimeni urefu wake kwa futikamba, mgawe kwa arobaini.