Fahamu: Kwa nini Waganda bado wanampigia magoti Kabaka?

Rais Milton Obote alifuta falme za Uganda mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya jeshi kuvamia ikulu ya Mengo na Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa II kukimbilia London, alikofariki mwaka 1969. Zilirejeshwa mwaka 1993, na Julai 31 mwaka huo mwanawe, Ronald Mutebi II, akatawazwa katika kilima cha Buddo, akiwa amevishwa vazi la gome la mti.

Ana mamlaka gani?
Hatawali. Katiba ya 1995 inamtambua kama kiongozi wa kimila na kumkataza siasa za vyama. Inasema pia kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kumtii wala kuchangia gharama zake.

Mbona watu wanajitokeza?
Kwa hiari. Kila mwaka maelfu hununua fulana na kukimbia mbio za siku yake ya kuzaliwa jijini Kampala, na mapato huenda kwenye kampeni za afya, zikiwemo za selimundu na Ukimwi. Makaburi ya wafalme ya Kasubi yalipoteketea Machi 2010, wengi walilia hadharani, kisha wakachanga fedha za kuyajenga upya.

Wanaopinga wanasemaje?
Wapo wanaoona kupiga magoti kumepitwa na wakati. Wengine hawana ugomvi na ngoma wala kanzu. Kero yao ni kodi ya ardhi ya ufalme. Mila wanaiheshimu, ila pesa wanaihoji.