Mtoto asiye na maskani

Tukisikia Wakali Kwanza na Wakali Wao, sisi wa Waa twasema hayo ni ya Mombasa. Lakini kundi huanzia maskani, na maskani ziko hapa pia. Mtoto wa mwenye nacho hupita na gari la shule. Wa mvuvi hupita kwa miguu, aulizwe: wewe wa wapi? Akiwa amehamia juzi, au babake ni mbara, huku aambiwa katumwa, kule aitwa mwoga. Basi huchagua upande ili apite salama. Agosti 1997, Likoni, vijana walitumiwa kuwafukuza wabara. Hoteli za Diani zikakosa wageni, kazi zikaisha. Mtoto huyo tumkaribishe uwanjani na barazani kwetu, kabla maskani haijamkaribisha.