Anwani za Malipo katika Mikataba ya Kompyuta

Wakulima wa pamba wa Usukuma walioungana miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Paul Bomani walitaka mizani ya mnunuzi ikaguliwe. Leo katibu wa chama cha msingi, awe Usagara au Sengerema, aweza kuletewa programu ya kugawa malipo ya wanachama, iliyoandikwa kwa lugha ya Solidity na kuendeshwa katika mtandao wa Ethereum. Nayo yapasa ikaguliwe, hasa pale mlipwaji anapotajwa.

Katika lugha hiyo mlipwaji hujulikana kwa anwani, yaani namba ya baiti 20 iandikwayo kwa tarakimu na herufi 40 baada ya alama 0x. Tangu toleo la 0.5.0 la mwaka 2018, anwani ni za aina mbili. Ile iitwayo address hutambulisha tu; address payable huweza pia kupelekewa fedha kwa amri ya transfer. Tofauti yake yafanana na ya namba ya uanachama na namba ya akaunti ya benki, ingawa hapa tarakimu zenyewe hazibadiliki. Kuigeuza ya pili iwe ya kwanza hakuhitaji neno lolote. Kinyume chake, mwandishi wa programu hana budi kuandika payable mbele ya anwani, kama mtu atiaye sahihi kwenye hati ya malipo. Sahihi hiyo, hata hivyo, haithibitishi kwamba anwani ina mwenyewe. Na ipo amri nyingine, call, isiyojali aina.

Hatari kubwa zaidi hutokea namba ya baiti 32 inapokatwa iwe anwani. Ikipitishwa kwanza katika bytes20, hubaki baiti 20 za mwanzo. Ikipitishwa katika uint256 na kisha uint160, hubaki 20 za mwisho. Matokeo yote mawili yana umbo la anwani halali, kwa hiyo kompyuta hailalamiki. Malipo ya msimu yaweza kwenda pasipo na mwenye ufunguo, wala hakuna meneja wa benki wa kuyarudisha.

Ikumbukwe pia kwamba Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Katibu anayeletewa programu kama hiyo kwa majaribio amtake mwandishi aonyeshe kila mstari unaogeuza anwani na aeleze ni baiti zipi zinazobaki, kabla kamati haijatia sahihi.