Ajali ya Pikipiki na Haki ya Fidia: Yafaayo Kujulikana Kabla ya "Kumalizana"

Ajali ya pikipiki ikitokea, pande mbili hukutana mapema mno. Majeruhi angali kitandani, mguu umefungwa na dawa ya maumivu haijaisha nguvu, na tayari ndugu wa aliyegonga amefika wodini na fedha mkononi pamoja na karatasi ya kusaini. Fedha hizo hutosha kulipia picha ya mifupa, dawa za wiki moja na nauli ya wauguzaji. Karatasi nayo husema kwamba majeruhi amepokea kiasi hicho, ameridhika, na hatadai tena. Wakazi huita jambo hili kumalizana, na wengi hulikubali kwa nia njema kabisa, kwa kuwa aliyegonga ni jirani, ni mtoto wa fulani, au ni dereva wa kijiwe kilekile.

Moyo wa kusameheana hauna ubaya. Tatizo ni kwamba siku hiyo ya kwanza hakuna ajuaye ukubwa wa madhara.

Katika ajali za pikipiki sehemu inayoumia sana ni mguu, hasa muundi, kwa sababu mguu wa dereva na wa abiria hauna bati wala mlango wa kuukinga. Mfupa wa muundi umefunikwa na nyama kidogo tu upande wa mbele, hivyo ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi. Kidonda cha namna hiyo kikiingia udongo wa barabarani, uchafu waweza kufika hadi kwenye mfupa wenyewe, na tiba ikawa ya miezi mingi. Majeruhi aliyetazamiwa kufungwa hogo kwa wiki chache hujikuta akisafishwa kidonda mara kwa mara, akiwekewa vyuma, na pengine akirudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili au ya tatu. Wapo ambao mfupa huunga ukiwa umepinda au mguu ukabaki mfupi. Majeraha ya kichwa hudanganya zaidi. Mtu anaweza kuzungumza vizuri saa ya kwanza na kupoteza fahamu baadaye, au akapona jeraha la nje lakini akabaki na kusahau, kizunguzungu na hasira asizokuwa nazo.

Kwa mkulima wa viazi wa Rungwe au wa mpunga wa Mbarali, mguu usiokanyaga sawasawa ni msimu uliopotea, na mara nyingine ni misimu yote inayofuata. Kwa kijana wa bodaboda wa Uyole, Mbalizi au Ipogolo, ni mwisho wa kazi aliyoizoea. Karatasi iliyosainiwa wodini haikuyahesabu hayo, na mahakama au kampuni ya bima ikiletewa karatasi hiyo baadaye ina sababu ya kuuliza kwa nini mtu aliyetamka kuwa ameridhika amerudi kudai. Muhuri wa ofisi ya kijiji au mtaa juu ya makubaliano hayo haukiongezi kiasi kilichokuwa kidogo.

Iwapo familia inahitaji fedha za matibabu mara moja, na mara nyingi inazihitaji, inaweza kuzipokea bila kujifunga. Inatosha karatasi iandikwe kwamba kiasi hicho ni mchango wa awali wa matibabu na kwamba madai mengine yanabaki palepale. Mtu asiye na nia ya kukwepa hatakataa maneno hayo.

Sasa fidia yenyewe hutoka wapi? Chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hakuna chombo cha moto, pikipiki ikiwemo, kinachoruhusiwa kutumika barabarani bila bima inayomkinga mtu wa tatu dhidi ya kifo au majeraha ya mwili. Hiyo ndiyo bima ambayo watu huiita "bima ndogo". Wamiliki wengi huikata ili wasisumbuliwe na askari, nao huiona kama kodi nyingine. Kumbe imewekwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa, ambaye huenda hata hamjui mwenye chombo.

Neno "mtu wa tatu" ndilo linalowachanganya wengi. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki ni mtu wa tatu. Dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iwe ni kwenye kona za Kitonga, pale Igurusi au kwenye mteremko wa kuingia Mbalizi, ni mtu wa tatu kwa lori hilo, na madai yake huelekezwa kwenye bima ya lori wala si ya pikipiki yake. Lakini dereva aliyeteleza mwenyewe, au aliyesababisha ajali kwa uzembe wake, hawezi kudai chochote kutoka bima ndogo ya pikipiki aliyokuwa akiiendesha. Bima hiyo haikumkatia yeye. Jambo hili huwashtua madereva wengi wanapolisikia kwa mara ya kwanza, na ni heri walisikie kabla ya ajali, maana ipo bima ya ajali binafsi ambayo mtu au kikundi cha kijiwe kinaweza kujikatia.

Abiria yuko katika hali inayohitaji uangalifu. Sheria inataka abiria anayelipa nauli akingwe, lakini hilo huenda sambamba na pikipiki kukatiwa bima ya biashara ya kubeba abiria. Zipo pikipiki zilizokatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa kuwa gharama yake ni nafuu, huku zikishinda kijiweni kutwa nzima zikibeba watu. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina hoja ya kugoma, na mmiliki hujikuta akidaiwa yeye mwenyewe. Shilingi chache alizookoa wakati wa kukata bima zinaweza kumgharimu shamba au nyumba. Kwa hiyo mmiliki anapaswa kuhakikisha kwamba matumizi yaliyoandikwa kwenye bima ndiyo matumizi halisi. Abiria naye anaweza kujua kama chombo kina bima hai kwa kuingiza namba ya usajili katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), hata kwa simu.

Mmiliki hapaswi kudhani kwamba lawama ni ya dereva peke yake. Pale ambapo kijana anaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu ya kila siku, anayedai fidia anaweza kumshtaki dereva na mmiliki kwa pamoja. Hapa kuna mtego mwingine unaojulikana sana mitaani: pikipiki imeuzwa mara mbili au tatu, lakini kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza, ambaye pengine alikwishahamia mkoa mwingine. Aliyeuza bila kubadilisha jina hujikuta akiitwa kwenye shauri la ajali asiyoijua, na aliyegongwa hupoteza miezi akimtafuta mtu asiyehusika tena. Kubadilisha umiliki wakati wa kuuza ni kinga kwa pande zote.

Madai husimama au huanguka kwa karatasi. Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha aliyoyaona. Hutolewa bure kituoni. Majeruhi mahututi ahudumiwe kwanza, na ndugu mmoja aifuate fomu wakati matibabu yakiendelea. Nakala yake ihifadhiwe nyumbani, kwani fomu iliyopotea baada ya mwaka mmoja ni shida kuirudisha. Ajali yenyewe inapaswa kuripotiwa polisi bila kuchelewa, ili askari wa usalama barabarani wafike, wapime eneo na kuchora ramani yake. Pikipiki na gari zikiondolewa kabla ya hapo, kilichobaki ni maneno ya huyu dhidi ya yule. Baadaye polisi huandaa ripoti ya ukaguzi wa vyombo na ripoti ya mwisho ya ajali, ijulikanayo kama PF 90, ambayo kampuni za bima huitaka kabla ya kuzungumzia malipo.

Pale barabarani, anayeweza kusimama aandike au apige picha namba za usajili za vyombo vyote (za pikipiki huanza na herufi MC), jina la kampuni ya bima, na namba za simu za walioshuhudia. Gari lililokimbia bila namba yake kujulikana halina mlango wa kubishwa.

Kisha risiti. Mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fidia mahususi ni ya gharama zinazohesabika, kama vile matibabu, dawa, usafiri wa kwenda kliniki na pikipiki iliyoharibika, nayo hulipwa kwa kiasi kilichothibitishwa tu. Mtu aliyetumia fedha nyingi na kubakiza risiti tatu ana fedha za risiti tatu. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, na hakimu huikadiria kwa busara yake akiongozwa na taarifa za daktari. Taarifa hizo zieleze hali ya majeruhi baada ya tiba, pamoja na kiwango cha ulemavu uliobaki. Kipato nacho kinaweza kuthibitishwa hata bila hati ya mshahara. Daftari la hesabu, miamala ya simu, barua ya uongozi wa kijiwe, stakabadhi za mazao zilizotolewa na chama cha msingi, vyote hivyo husaidia.

Kesi ya polisi dhidi ya dereva mzembe haichukui nafasi ya madai hayo. Faini anayotozwa huingia serikalini. Mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mwathirika alipwe, lakini shabaha ya kesi hiyo ni adhabu, na majeruhi anayesubiri iishe ili "alipwe" huenda akasubiri bure. Faida yake kubwa kwake ni kwamba hukumu ya kumtia dereva hatiani inaweza kutumika kama ushahidi katika shauri la madai.

Madai huanza kwa barua kwa kampuni ya bima, ikiambatana na nakala za nyaraka zilizotajwa. Barua hiyo isicheleweshwe, kwa sababu kampuni ambayo haikupewa taarifa kwa wakati inaweza kujitetea kwa hoja hiyo hata baada ya mahakama kutoa hukumu. Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, mdai aombe jibu la maandishi, kisha apeleke malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kampuni ikikubali kulipa huleta hati ya kukiri malipo, ambayo ikisainiwa hufunga madai. Isomwe yote, kwa utulivu, na mtu anayeielewa. Isiposuluhishika, shauri hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka 3 huonekana mingi kwa mtu aliye hospitali, lakini hupita haraka kwa anayeambiwa kila mwezi "njoo wiki ijayo".

Majeruhi aliyekuwa kazini, kama vile mjumbe wa ofisi au mfanyakazi aliyetumwa na mwajiri wake, ana njia nyingine kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Huko hahitaji kwanza kuthibitisha nani alikosea. Mwajiri apewe taarifa mara moja. Na pale chombo kilichogonga ni cha Serikali, hata kama ni gari la halmashauri, sheria inamtaka mdai atoe kwanza notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki. Shauri lililofunguliwa bila notisi hiyo huondolewa hata kama madai yake ni ya kweli.

Kosa la majeruhi mwenyewe halifuti haki yake moja kwa moja. Abiria asiyevaa kofia ngumu, au aliyepanda mshikaki wa watu watatu ilhali pikipiki huruhusiwa abiria mmoja tu, anaweza kupunguziwa fidia kwa kadiri alivyochangia madhara. Asikate tamaa ya kudai kwa sababu hiyo, wala asiifiche.

Palipo na majeruhi hapakosi vishoka, yaani watu wanaojitokeza wakiahidi kufuatilia fidia kwa sharti la kukabidhiwa nyaraka halisi na fedha ya "kufungua faili". Nyaraka halisi asikabidhiwe mtu wa namna hiyo. Jina la anayejiita wakili linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Asiyemudu wakili analindwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika jamii. Watendaji wa kata na maofisa maendeleo ya jamii wanaweza kumwelekeza mkazi kwao. Anayekwenda achukue nakala za PF3, risiti, kadi ya kliniki, namba za vyombo vilivyohusika na, kama ipo, ile karatasi aliyoisaini wodini, kwani mwanasheria atataka kuisoma kabla ya kitu kingine chochote.