Je, wajua? Shokapu ya gari lililonyanyuliwa

Gari lililonyanyuliwa likipita mbele yako pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, usishangae matairi. Inama uangalie shokapu. Hapo ndipo utajua kama fundi alipiga hesabu au alibahatisha.

Sababu ya kunyanyua gari huku inajieleza. Lami inatoka Lusahunga hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, lakini ukiiacha na kushika njia za vilimani Ngara, unakutana na mifereji iliyochimbwa na mvua na mawe yanayokwangua tangi. Basi mwenye Land Cruiser mkonga huongeza bamba kwenye springi, au mwenye gari la springi za mviringo huweka spesa, na bodi inapanda sentimita 5. (Difu haipandi ng'o kwa njia hiyo, difu huinuliwa na tairi kubwa tu.)

Anayeumia ni shokapu. Wengi hudhani ndiyo inayobeba gari, kumbe mzigo wote uko juu ya springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isidunde: ndani yake pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ya mdundo inageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa baada ya safari ya makorongo inaweza kukuunguza.

Tuchukue shokapu yenye urefu wa sentimita 35 ikibanwa na 55 ikivutwa hadi mwisho. Gari likisimama, ilikuwa kwenye 45: ina 10 za kushuka na 10 za kupanda. Baada ya kunyanyua, inasimama kwenye 50. Gurudumu likizama shimoni, zimebaki 5 tu. Zikiisha, pistoni inagonga kofia ya juu, sili inachanika, oili inavuja, au bushi inakatika.

Dawa ya mtaani ni kipande cha chuma kinene kinachofungwa pale shokapu inaposhikwa chini kwenye ekseli, chenye tundu jipya sentimita 5 juu ya lile la zamani. Shokapu inarudi kwenye 45 yake. Kishikwe kwa bolti mbili au kiwe na mguu unaokizuia kuzunguka, maana kikishikwa na moja tu kitacheza kama bawaba na shokapu haitafanya kazi yoyote.

Hapa mafundi wengi huteleza. Nyongeza hiyo hairefushi mwendo wa pistoni hata kidogo. Inahamisha tu mahali pa kufanyia kazi. Bodi imepanda, kwa hiyo ile raba inayozuia ekseli isigonge chesisi nayo imekwenda mbali kwa sentimita 5. Ukiruka tuta na mzigo, shokapu itabanwa hadi mwisho kabla ekseli haijaifikia raba, na itapigwa kama msumari. Raba nayo ishushwe kwa kipimo kilekile. Shokapu ndefu ya dukani ingekuwa bora zaidi, nakubali, ila iwapo haipatikani, chuma kilichopimwa vizuri kinafaa.

Kisichofaa ni kuchomelea kwenye shokapu yenyewe. Nyingi zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa humo, na moto wa welda unaweza kuilipua usoni mwa fundi. Chomelea kipande kikiwa mezani, kipoe, ndipo ukifunge.

Kabla hujalipa, mwambie fundi ainue chesisi kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, aweke stendi, kisha mpime pamoja kwa tepu: shokapu isiwe imevutika hadi mwisho. Na mkiwa bado mmeinama hapo, itazameni paipu ya breki ya gurudumu hilo. Ikiwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, gari hilo lisitoke gereji.