Mkufunzi wa Dakika Arobaini

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wenye watoto vyuoni hulisikia kwa jina tu: fildi. Kijana huaga kwamba anakwenda fildi, huomba nauli na kodi ya chumba, hukaa huko, mara nyingi wiki nane, kisha hurudi na alama. Alama hizo zimetoka wapi, na zimepima nini?

Swali hili lilinijia nikiwa Irente, kilometa chache tu kutoka Lushoto mjini, pale ambapo milima ya Usambara hukatika ghafla na macho yakashuka mpaka tambarare za Mazinde. Wageni hupanda huko kutazama mandhari na kununua jibini. Lakini Irente pia ni mahali pa shule. Ipo shule ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1963, na ipo shule ya Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, zote za KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mwaka 2007 kilifunguliwa huko huko wilayani Lushoto, pale Magamba, chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kilianza na shahada ya elimu maalumu. Hilo ni somo ambalo mtu hawezi kulimaliza kwa daftari.

Mfikirie mwanachuo anayeingia kwa mara ya kwanza katika darasa la watoto wasioona. Chuoni amefaulu maandishi ya nukta nundu, lakini ameyasoma kwa macho. Watoto mbele yake huyasoma kwa vidole. Mtoto akiandika kwa kibao na msumari wake hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu mgeni akimsahihisha haraka haraka humchanganya. Tena ana mazoea ya kusema "tazameni hapa", "hiki ondoeni, wekeni kile". Kipi? Huandika ubaoni kimya, na darasa zima humngoja bila kujua anafanya nini.

Akiwa mtu wa kujifunza, baada ya wiki mbili tatu utamsikia anamtaja mtoto kwa jina kabla ya kumwuliza, anatamka kila anachokiandika, anakuja na hindi, kamba au kopo la kushikwa mikononi. Huko ndiko kujifunza kwenyewe. Lakini kulitokea siku ambayo mkufunzi wake hakuwapo.

Mkufunzi wa chuo huja kwa siku yake. Wanachuo wametawanyika wilaya nzima, posho ni chache, na gari lazima lirudi. Hukaa nyuma ya darasa dakika arobaini na fomu yake: malengo, zana, sauti, matumizi ya ubao, muda. Hajui darasa lile lilikuwaje mwezi uliopita. Anaona somo, haoni safari.

Nami nina dhambi hiyo. Miaka mingi iliyopita chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniomba nisaidie kukagua walimu wanafunzi katika mkoa mwingine kabisa. Nilimkuta kijana akifundisha eneo la pembetatu. Watoto walijibu kwa kishindo, hakuna aliyekosea. Nikampa alama za juu na kuondoka. Nilipofika getini nikakumbuka mwavuli wangu. Niliporudi, mtoto mmoja aliyekuwa akiniletea akaniambia kwa furaha: "Shikamoo, mwalimu. Hata jana tulijibu hivyo hivyo!" Sikuifuta ile alama. Fomu ilikwisha sainiwa.

Wengine husema basi tumwachie mwenyeji atoe alama, maana yeye ndiye aliyekaa naye. Tumekwisha kulijaribu jambo la jamaa yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, miaka miwili kwa kawaida, na apate sifa kutoka kwa mwajiri na chama kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Baadaye utaratibu huo ukalegezwa. Wazo lilikuwa na maana: aliyemwona mtu kazini anamjua. Lakini mwajiri anayeulizwa "ana bidii?" ataandika ana bidii, hasa kama kijana amemwamkia vizuri na anaondoka kesho. Ukitaka neno la maana kwake, muulize jambo alilolishuhudia: ni kitu gani kijana huyu hakukiweza alipofika, ambacho sasa anakiweza bila kusimamiwa?

Kuna na kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku. Vingi nilivyovisoma vimejaa "nimefundisha, wanafunzi wameelewa", na wino ni wa aina moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, dalili kwamba kiliandikwa usiku mmoja. Ukurasa unaosema "leo nimekosea, kesho nitajaribu hivi" una thamani kuliko hivyo vyote. Lakini nani ataandika kosa lake katika kitabu kitakachompa alama?

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto mwenye usonji anaweza kuchukua wiki nane kuzoea tu kukaa mezani na wenzake, na mwanachuo aliyemsaidia kufika hapo amefanya kazi kubwa. Mwenzake aliye katika darasa tulivu la mjini ataonyesha somo zuri lenye zana za rangi. Fomu ile ile ikiwapima wote wawili, wa pili atashinda, na wanachuo wa mwaka unaofuata watasikia. Wataomba kupangiwa mjini, na darasa gumu litabaki bila mwalimu mwanafunzi.

Mimi ningependa mkufunzi aje mara mbili: mapema, bila fomu, aone mahali kijana anapoanzia; na mwishoni, akae naye na kitabu kile, wachague kosa moja wafuatilie limeishia wapi, mwenyeji akiwa hapo hapo kusahihisha hadithi. Najua vyuo vitauliza nauli ya safari ya pili itatoka wapi. Waanze na shule ngumu, hata kama ni chache, na shule za mjini zibaki na safari moja.